Rafiki anayenishauri mezani ndiye anayenifunga kila wiki. Tuongee Carcassonne

#1 Mchota Vigae

Wakuu, salaam. Tuko wanne, tunacheza Carcassonne, ule mchezo wa mezani wa kupanga vigae, kila Jumamosi usiku, na huu ni mwezi wa tano. Katika muda wote huo nimeshinda mara mbili. Rafiki yangu mmoja, humu nitamwita Mshauri, ushindi wake nimeacha kuuhesabu.

Kwa ambaye hajaucheza: kuna vigae vya ardhi 72. Kimoja kinawekwa mezani mwanzoni, 71 vinafunikwa. Zamu yako ikifika unaokota kimoja na kukiweka kiguse vilivyopo: mji ukutane na mji, barabara na barabara, shamba na shamba. Halafu ukitaka unaweka kijitu chako kimoja juu ya kigae hicho hicho. Akisimama ndani ya mji ni askari, barabarani ni mnyang'anyi, kwenye monasteri ni mtawa. Ukimlaza shambani ni mkulima. Kila mchezaji ana vijitu 7 tu vya kuchezea. Mji, barabara au monasteri ikikamilika unapata pointi na kijitu kinarudi mkononi. Mkulima harudi. Akishalala, amelala mpaka mchezo uishe, ndipo mwenye wakulima wengi shambani analipwa 3 kwa kila mji uliofungwa unaoguswa na shamba hilo.

Sasa shida. Kila nikiokota kigae, Mshauri anainama juu ya meza: "Weka pale, ukigeuze hivi." Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba yuko sahihi! Naweka pale, napata pointi papo hapo, nafurahi. Tukifika mwisho yuko mbele yangu. Jumamosi iliyopita mimi 78, yeye 88.

Naomba kujua, hii inaruhusiwa? Au nimwambie akae kimya na vigae vyake?

#2 Pweza

Mwambie anyamaze. Uzi ufungwe.

#3 Kobe Mzee

Pweza una haraka.

Mchota Vigae, pole ila sheria iko upande wa rafiki yako. Kijitabu cha toleo la mwanzo kilisema wazi kwamba ukiokota kigae uwaonyeshe wenzako ili wakushauri pa kukiweka. Huo ndio mchezo alioubuni Mjerumani Klaus-Jürgen Wrede, ukatolewa na Hans im Glück mwaka 2000, na mwaka 2001 ukabeba Spiel des Jahres, ile tuzo ya Ujerumani ya mchezo wa mwaka. Ushauri si uhuni, ulikuwemo tangu siku ya kwanza.

Ila kijitabu hakikusema ushauri uwe na nia njema.

#4 Jirani wa Monasteri

😂😂 Hiyo sentensi ya mwisho.

Sisi tuna sheria yetu ya mezani: ushauri ruksa mpaka kigae kiguse meza. Kikigusa, kila mtu afunge mdomo. Kabla ya hapo tulikuwa tunagombana hadi mmoja anakwenda kukaa chumba kingine.

#5 Hesabu Tupu

Mkuu, malalamiko yako hayana data. Tupe:

Shamba kubwa lilikuwa la nani, na liligusa miji mingapi iliyofungwa?
Ulikuwa na wakulima wangapi, na uliwalaza lini?
Ushauri wa mwisho aliokupa ulikuwa upi?

#6 Mchota Vigae

Hesabu Tupu, ngoja nikumbuke.

Shamba kubwa liligusa miji 6 iliyofungwa. Mimi ndiye niliyeanza kulaza mtu pale, zamu ya tatu au ya nne, na ndiyo, Mshauri ndiye aliyeniambia: "Wahi shamba, litakuwa kubwa." Baadaye wakulima wake wawili waliingia kwa mlango wa nyuma, wawili kwa mmoja, nikatoka bila kitu. Yeye akachukua 18.

Mkulima wangu wa pili alikuwa kwenye kashamba kadogo pembeni, kigae chenye barabara. Alinipa pointi 3 kwa mji mmoja, ambao lile shamba kubwa nalo liliugusa.

Ushauri wa mwisho: vilibaki vigae kama vitatu, nikaokota monasteri isiyo na barabara. Mshauri akaruka kabla yangu: "Weka pale katikati, pamezungukwa pande zote, unapata 9 sasa hivi." Kweli nikapata 9. Kulikuwa na pengo jingine kati ya shamba kubwa na kale kadogo, ila pale monasteri ingekuwa na vigae jirani 5 tu kati ya 8, na kila kigae ni pointi 1.

#7 Hesabu Tupu

Ahsante. Sasa kaa chini.

Kigae cha monasteri isiyo na barabara ni shamba pande zote nne. Viko 4 tu kati ya 72. Watu hukitazama wakaona nyumba ya watawa, mimi naona gundi. Ukikitia kwenye pengo kati ya mashamba mawili, yanakuwa shamba moja.

Tuhesabu ungefanya hivyo. Ulikuwa na 78. Toa zile 9 za monasteri, toa 3 za kashamba kadogo kwa sababu kasingekuwepo tena: 66. Monasteri kwenye pengo, majirani 5 na yenyewe, ni 6: unafika 72. Halafu shamba likishaungana, wakulima wako ni wawili na wake ni wawili. Mkilingana, kila mmoja anapata pointi zote, hazigawanywi. Yeye anabaki na 18 zake na wewe unapata 18.

72 na 18 ni 90.

Yeye 88.

#8 Jirani wa Monasteri

Aisee.

#9 Pweza

Narudia: anyamaze.

#10 Mchota Vigae

Nimesoma mara tatu. Nilimshukuru mtu huyu. Nilimwambia "ahsante kaka" mbele ya watu.

#11 Binti Ngao

Kabla hamjamnyonga mtu asiyekuwepo, mimi ningependa kumtetea kidogo.

Ukiwa na kigae mkononi, pointi 9 za papo hapo zinaonekana na kila mtu. Pointi 18 za shamba haziko mezani, ziko kichwani, na zinahitaji ufuatilie kwa kidole mpaka wa shamba lote: barabara inalikata, mji unalikata, lakini barabara ikiishia katikati ya kigae shamba linazunguka nyuma yake na kuendelea. Mimi nimecheza muda mrefu na bado mwisho wa mchezo nafuata mpaka kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. Inawezekana hakuona.

Na wewe Mchota, kosa la mwanzo si la monasteri. Ni kulaza mtu zamu ya tatu. Mkiwa wanne, vigae 71 vinakupa zamu 17 au 18. Kijitu kimoja kati ya 7 umekizika mapema, na kila mtu ameshajua shamba lipi la kulivamia.

#12 Fundi wa Kona

Ngojeni, mbona mnasema 3 kwa kila mji? Sisi tunahesabu 4.

#13 Kobe Mzee

Fundi, una sheria za toleo la zamani, au aliyekufundisha anazo. Mwanzoni kila mji uliofungwa ulikuwa na pointi 4, nazo zilikwenda kwa mwenye wakulima wengi kuuzunguka mji huo. Siku hizi unaangalia shamba: mwenye wakulima wengi ndani yake anapata 3 kwa kila mji uliofungwa unaoguswa na shamba hilo. Kwa hiyo mji mmoja unaweza kulipa mashamba mawili, kama ule wa Mchota. Na kale kamji ka vigae viwili, zamani kalilipa 2, sasa ni 4 kama mji mwingine wowote, pointi 2 kwa kigae na 2 zaidi kwa kila ngao iliyochorwa mjini.

Ushauri wangu kwa kila meza: kabla ya kigae cha kwanza, mkubaliane mnacheza sheria zipi. Ugomvi mwingi ninaoujua haukutokana na roho mbaya, ulitokana na watu wawili kufundishwa vitabu viwili.

#14 Mchota Vigae

Haya. Nimekubali kosa la mkulima wa mapema. Lakini Jumamosi inakuja na nataka silaha. Namzuiaje huyu mtu?

#15 Hesabu Tupu

Silaha kubwa ni kujua vigae ambavyo havipo. Ukishavijua unaacha kubahatisha.

Mji pande zote nne: kimoja tu. Kikishatoka, pengo lolote lililozungukwa na mji pande nne limekufa.

Mji pande tatu: viko 7. Vinne upande wa nne ni shamba, vitatu ni barabara.

Barabara upande mmoja na shamba pande tatu: viko 2 tu, navyo ni zile monasteri zenye barabara. Kwa hiyo mtu akiwa na barabara ndefu, usihangaike kuikata. Tengeneza pengo mbele yake ambalo linadai barabara moja na shamba tatu, mwache asubiri.

Njia panda ya pande nne: kimoja.

Sasa tamu yenyewe. Mji mkabala na mji, barabara mkabala na barabara, kwenye pengo moja: hakuna. Sifuri. Hakikuchapishwa katika mchezo wa msingi. Ukifanikiwa kulizungushia pengo la mwenzako hivyo, askari wake atakaa mjini mpaka mwisho, na mji usiofungwa unalipa nusu: pointi 1 kwa kigae na 1 kwa ngao. Angalia tu upande wa nne usiuache wazi, maana ukiwa na mji mkabala na mji na barabara moja tu, bado vile vitatu vyenye mji pande tatu na barabara vinaweza kuingia.

#16 Fundi wa Kona

Jamani, ndiyo mmeshaua mchezo. Watu wanakaa na marafiki wachekane, nyinyi mnakuja na orodha ya vigae kama wakaguzi wa mahesabu. Kwetu aliyeanza kuhesabu vigae tulimwacha acheze peke yake.

#17 Binti Ngao

Fundi, kuna kuhesabu na kuhesabu. Kujua kwamba kigae cha mji pande nne ni kimoja si uhasibu. Ni kama kujua rafiki yako akinyamaza ghafla ana jambo. Anayekera ni yule anayeshika kigae dakika tano huku midomo inachezacheza.

Na tena kumziba mtu kuna gharama. Kila kigae ulichotumia kumkomoa ni kigae ambacho hukujijengea. Mkiwa wawili inalipa, kwa sababu pointi anayokosa yeye ni kama umeipata wewe. Mkiwa wanne unawafanyia kazi wawili wengine bure.

#18 Hesabu Tupu

Hapo Binti Ngao amenena kweli, nilipaswa kuanza na hilo. Mkiwa wanne njia nzuri si kumziba, ni kumwingilia. Huruhusiwi kuweka askari kwenye mji ambao tayari una mtu. Lakini unaruhusiwa kuweka wako kwenye kimji kingine cha jirani kisichoguswa, halafu kigae kinachofuata kikaunganisha. Mkawa mmoja kwa mmoja, na mji ukifungwa kila mmoja anapata zote. Tena utashangaa: mwenye mji mwenyewe atakusaidia kuufunga.

#19 Mchota Vigae

Nimechukua yote. Nitarudi Jumapili.

#20 Pweza

Tunasubiri matokeo.

#21 Mchota Vigae

Nimerudi.

Nilianza kwa kutangaza kwamba sitaki ushauri. Mshauri akasema "sawa", akanyoosha mgongo, akakunja mikono. Meza ikapoa. Hamjui ni kiasi gani mtu mmoja anaijaza meza mpaka anyamaze.

Zamu ya tisa akawa na mji wa vigae 7 wenye ngao 2, umebaki na mdomo mmoja. Kigae kimoja tu kingefunga na kumpa 20. Nikakumbuka sifuri ya Hesabu Tupu. Zamu yangu nikaweka barabara ya kunyooka upande mmoja wa pengo. Zamu iliyofuata barabara ya pili mkabala na ya kwanza. Ya tatu nikaweka kimji ng'ambo. Pengo likawa mji, barabara, mji, barabara. Nilitetemeka mkono.

Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hicho kigae hakipo." Nikamwambia hakipo. Mwisho wa mchezo askari wake alilipwa 9 badala ya 20. Nilitaka kusimama niimbe.

Matokeo: Mshauri 74. Mimi 69.

#22 Jirani wa Monasteri

Kwa hiyo umemziba na bado amekushinda?

#23 Mchota Vigae

Amekuwa wa pili. Aliyeshinda ni dada mmoja wa meza yetu ambaye hata sikuwahi kumtaja humu. 81. Wakati mimi natumia zamu tatu kujenga jeneza la askari wa watu, yeye alikuwa anafunga vimji vya vigae viwili viwili, 4, 4, na vibarabara vifupi. Vijitu vyake havikukaa nje zaidi ya zamu mbili. Mwisho akalaza wakulima wawili vikiwa vimebaki vigae vichache, hakuna aliyepata muda wa kuwafuata. Nilimwona akifanya hivyo. Nikadhani anacheza tu.

#24 Kobe Mzee

Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

#25 Binti Ngao

Huyo dada aje humu atufundishe. Kurudisha vijitu mkononi haraka ndiyo kazi yenyewe, mengine ni mapambo. Unapookota kigae kizuri na huna kijitu cha kukiweka, unajengea wengine.

#26 Mnyang'anyi Mpole

Habarini. Mimi ndiye Mshauri. Dada kanitumia uzi huu akiwa anacheka hadi ujumbe wake hausomeki.

Nimesoma wote. Mambo mawili.

Kwanza, Binti Ngao, ahsante kwa kunitetea, ila pengo nililiona. Tangu monasteri ilipotoka nililiona, ndiyo maana niliruka kabla yake. Sheria inasema nimshauri, haisemi nimshauri anishinde.

Pili, Hesabu Tupu, hesabu yako ni safi lakini umepewa taarifa mbovu. Yule "mkulima wa pili" hakuwa mkulima. Alikuwa amesimama, na alisimama juu ya barabara. Kabla ya kuhesabu huwa napiga picha ya meza, nimeifungua sasa hivi: wa kwake wa shamba kubwa amelala chali, huyu wa pembeni amesimama wima. Ni mnyang'anyi. Barabara yake ilikuwa ya vigae 2, haikufungwa, stahili yake ni pointi 2. Zile 3 alijihesabia mwenyewe, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa mbele. Kwa hiyo hakupata 78, alipata 77, na hata angeliziba pengo angekuwa na mkulima mmoja kwa wawili wangu.

#27 Hesabu Tupu

Basi posti yangu namba 7 yote naifuta kwa moyo mzito. Mchota Vigae, jibu.

#28 Mchota Vigae

Huyo alikuwa mkulima. Nilimlaza kwa mkono wangu. Mshauri wakati anaweka kigae chake cha mwisho alipitisha mkono juu ya meza, shati lake likamgonga, ndiyo maana kwenye picha anaonekana amesimama.

#29 Kobe Mzee

Tangu nianze kucheza nimeona vijitu vingi vikigongwa vikaanguka. Kilichogongwa kikasimama ndio kwanza nakisikia.